Kompyuta ni ya patroni, lakini ujumbe ni wa nani?

Katika ofisi nyingi za Kinshasa, Lubumbashi ama Goma, siku ya kazi huanza kwa namna moja. Kompyuta inawashwa, barua pepe zinafunguliwa, na pembeni yake WhatsApp. Maswali ya wateja yanaingia pamoja na habari za nyumbani: mtoto ana homa, shule inadai malipo, ndugu anaomba msaada. Nyumbani wengi wanategemea mega za simu, nazo zinaisha haraka. Intaneti ya ofisi ndiyo inayopatikana bila kulipa.

Ni wachache wanaojiuliza kama kuna mtu mwingine anayesoma mazungumzo hayo. Mhandisi mmoja wa Romania alilijua hilo akiwa amechelewa, na kesi yake imekuwa somo kwa wafanyakazi na waajiri hata nje ya Ulaya.

Kurasa 45 mezani

Mhandisi huyo alikuwa akifanya kazi ya mauzo katika kampuni binafsi mjini Bucharest tangu mwaka 2004. Kwa ombi la kampuni, alifungua akaunti ya Yahoo Messenger ili kujibu maswali ya wateja. Kanuni za kampuni zilikataza kutumia kompyuta kwa mambo binafsi, naye alizijua.

Mwezi wa Julai 2007, wakubwa wake walimwita. Walimwambia kwamba mawasiliano yake yamefuatiliwa kwa siku kadhaa, na kwamba ametumia intaneti kwa mambo yake mwenyewe. Alijibu kwa maandishi kwamba akaunti ile aliitumia kwa kazi tu. Muda haukupita saa moja, akawekewa kurasa 45 za mazungumzo yake. Humo mlikuwa na maneno aliyoandikiana na ndugu yake na mchumba wake, mengine yakihusu afya na mambo ya ndani kabisa. Mwezi wa Agosti alifukuzwa kazi.

Mahakama za Romania zilimpa haki mwajiri. Mhandisi alipeleka malalamiko kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg. Januari 2016 alishindwa tena, kwa kura sita dhidi ya moja. Hakukata tamaa. Tarehe 5 Septemba 2017, Baraza Kuu la mahakama hiyo, lenye majaji 17, lilibadili uamuzi kwa kura 11 dhidi ya 6: Romania ilishindwa kulinda haki yake ya maisha binafsi na mawasiliano.

Kukataza si kuonya

Majaji hawakusema kwamba mwajiri hana haki ya kufuatilia kompyuta zake. Kampuni inaweza kuwa na sababu za kweli: wizi wa siri za wateja, udanganyifu wa fedha, virusi vinavyoharibu mtandao mzima. Walichosema ni kwamba amri ya mwajiri haiwezi kufuta kabisa maisha binafsi ya mtu akiwa kazini.

Kwa hiyo waliweka maswali ambayo kila mahakama inapaswa kuyauliza. Je, mfanyakazi alionywa mapema kwamba atafuatiliwa, na kwa kiwango gani? Je, mwajiri aliangalia tu mtu ametuma ujumbe mara ngapi, ama alisoma maneno yenyewe? Alikuwa na sababu gani ya kusoma? Je, hakukuwa na njia nyepesi zaidi? Na matokeo yake kwa mfanyakazi ni yapi?

Hapo ndipo kampuni ilipokwama. Ilikuwa imekataza matumizi binafsi, lakini haikuthibitika kwamba mfanyakazi aliambiwa mapema kuwa maneno yake yatasomwa.

Ufaransa ilikuwa imepita njia hiyo zamani kidogo. Tarehe 2 Oktoba 2001, katika kesi ya kampuni ya Nikon, Mahakama Kuu ya Rufaa iliamua kwamba mfanyakazi ana haki ya faragha hata saa za kazi na mahali pa kazi, na kwamba mwajiri hawezi kusoma ujumbe wake binafsi hata kama amekataza matumizi hayo. Baadaye mahakama hiyo iliongeza upande wa pili: faili ambalo halikuandikwa kwamba ni la binafsi huhesabiwa kuwa la kazi, na mwajiri anaweza kulifungua.

Na hapa Kongo?

Maamuzi ya Strasbourg na Paris hayaifungi DRC. Lakini sheria zetu hazikunyamaza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya barua zake, simu zake na mawasiliano mengine yoyote. Haki hiyo haiwezi kuguswa isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Katiba haikusema kwamba haki hiyo inaachwa mlangoni mwa ofisi.

Sheria ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaongeza ulinzi wa data za watu. Nayo sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri awe na sababu halali kabla ya kuvunja mkataba usio na muda maalum. Anayeona amefukuzwa bila haki huanza kwa mkaguzi wa kazi, ambaye hujaribu kupatanisha pande mbili. Wasipopatana, kesi inakwenda kwenye mahakama ya kazi.

Tatizo ni kwamba mfanyakazi anaweza kusaini karatasi za kuajiriwa bila kuzisoma, na mwajiri anaweza kuweka programu ya kufuatilia bila kuandika neno lolote. Siku ya ugomvi, kila mmoja anadai lake.

Kinachoonekana

Anayesimamia mtandao wa ofisi kwa kawaida anaweza kujua mfanyakazi ametembelea tovuti gani, na barua pepe za anwani ya kampuni ziko mikononi mwa kampuni. Ikiwa kompyuta yenyewe imewekewa programu ya kufuatilia, inaweza kupiga picha za skrini ama kurekodi kila herufi inayoandikwa. WhatsApp hufunga ujumbe ukiwa njiani, lakini ukishafunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi, anayeiona skrini anauona ujumbe.

Kwa mfanyakazi, hatua ya kwanza ni rahisi: kuomba kanuni za kompyuta kwa maandishi, kutumia simu yake kwa mambo ya nyumbani, na kutoka kwenye WhatsApp kabla ya kuacha meza. Kwa mwajiri pia njia ni fupi: kuandika anachofuatilia na kwa nini, kisha kuwaambia watu wake kabla ya kuanza, wala si siku ya kuwafukuza.

Mhandisi wa Bucharest hakupewa fidia. Majaji walisema ushindi wenyewe unatosha, wakaamuru arudishiwe gharama za kesi. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu kurasa 45 ziwekwe mezani.