Sumu ya Mbabula

Vitu vyote vimefanywa kwa punje ndogo sana zisizoonekana kwa macho, zinazoitwa atomu. Atomu zikishikana, zinafanya molekuli. Kila namna ya atomu ina alama yake. C ni kaboni, iliyo ndani ya makala. O ni oksijeni, iliyo katika hewa.

Makala yakiwaka penye hewa nyingi, C moja inashikana na O mbili. Tunaandika CO2. Hata pumzi tunayotoa ina CO2. Lakini nyumba ikifungwa, oksijeni inapunguka, na C nyingine zinapata O moja tu: CO. Tofauti ni atomu moja, lakini CO inaua. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Kichwa kinauma, mtu anaona kizunguzungu, anatapika, analala, haamki.

Basi, usilale na mbabula ndani ya nyumba, hata kukiwa na baridi, hata kama makala ni mekundu bila moshi. Ukimkuta mtu amelegea hivi, fungua mlango, umtoe nje upesi, umpeleke hospitali.