Siku za safari Mombasa–Kampala: wastani hausemi yote

KAMPALA – Mfanyabiashara wa Kikuubo akimuuliza msafirishaji mzigo utachukua siku ngapi kutoka bandari ya Mombasa, aghalabu hupewa namba moja tu: "wastani ni siku tano." Namba hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikamtia hasara.

Wastani hupatikana kwa kujumlisha siku za safari zote na kugawa kwa idadi ya safari. Tuchukue mfano wa kubuni wa wasafirishaji wawili, kila mmoja akiwa na safari saba. Wa kwanza alitumia siku 4, 4, 5, 5, 5, 6 na 6. Wa pili alitumia siku 3, 3, 3, 3, 4, 4 na 15. Jumla ya kila mmoja ni siku 35, na wastani wa kila mmoja ni siku 5. Kwenye karatasi wanalingana, lakini barabarani ni watu wawili tofauti kabisa.

Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kupanga safari kuanzia fupi hadi ndefu na kutazama namba ya katikati, yaani ya nne. Kwa wa kwanza ni 5, kwa wa pili ni 3. Maana yake ni kwamba wa pili kwa kawaida ndiye mwepesi zaidi. Ile safari moja ya siku 15 ndiyo iliyouvuta wastani wake juu. Ukiiondoa, safari sita zilizobaki zina wastani wa siku 3.3.

Je, iondolewe? Hapa ndipo wengi hukosea. Gari lililokaa siku 15 halikuwa kosa la hesabu, lilikuwa na mzigo wa mtu. Kampuni za meli hutoa siku chache za bure za kutumia kontena, kisha hutoza kwa kila siku inayozidi, na ada hiyo haijali wastani.

Ndiyo sababu ni lazima kuangalia pia mtawanyiko, yaani namba zimesambaa kiasi gani. Kipimo chepesi ni kutoa safari fupi kuliko zote kutoka kwa ile ndefu kuliko zote: wa kwanza ana tofauti ya siku 2, wa pili siku 12. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni mkengeuko sanifu, ambao huonyesha kwa ujumla safari zinaachana na wastani kwa kiasi gani. Kwa wa kwanza ni takriban siku 0.8, kwa wa pili ni 4.1. Kompyuta yoyote yenye programu ya mahesabu hutoa jibu hilo mara moja.

Mwenye saruji ghalani anaweza kumchagua wa pili bila wasiwasi mkubwa. Mwenye bidhaa za sikukuu, au kiwanda kinachosubiri malighafi, afadhali amlipe wa kwanza hata akidai zaidi kidogo.

Safari za kupindukia si jambo la kufikirika katika ukanda huu. Himaya Moja ya Forodha ilipoanza kutumika mwaka 2014, maofisa walitangaza kuwa safari ya Mombasa hadi Kampala ilipungua kutoka siku 18 hadi takriban 4. Mafanikio hayo yalikuwa makubwa. Hata hivyo, Januari 2022 malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi Malaba kutokana na mgogoro wa vipimo vya lazima vya Covid-19 kwa madereva, na Uganda ikakumbwa na uhaba wa mafuta. Kabla ya hapo, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilikuwa zimeziba njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo msafirishaji aulizwe mambo matatu: siku za katikati, safari ndefu kuliko zote, na hesabu imetokana na safari ngapi. Safari saba ni chache mno, hasa zikiwa zote za mwezi mmoja. Aidha, zilizopita Malaba zisichanganywe na zilizopita Busia, maana foleni za mipaka hiyo miwili hazilingani, na wastani wa pamoja unaweza kuwa namba ambayo hakuna lori lililowahi kuifikia.