Vumbi Lililo Ndani ya Wingu

Mtu akitazama wingu likipita juu hukumbuka maji, wala hakumbuki vumbi. Vumbi tulijualo ni lile la njiani na lile lifutwalo mezani kila asubuhi. Lakini kama hewa isingekuwa na vumbi, mawingu haya tuyaonayo yasingekuwako. Jambo hilo lilijulikana kwa vyombo viwili vya kioo na kipande cha pamba.

Mwaka 1839 alizaliwa huko Falkirk, katika nchi ya Uskoti, mtu jina lake John Aitken. Alijifunza kazi ya mitambo ya meli, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu, akaiacha. Akawa akiunda vyombo kwa mikono yake mwenyewe, na kuchunguza mambo ambayo wengine huyapita tu: umande, ukungu, rangi za jua likichwa.

Siku moja alitwaa vyombo viwili vikubwa vya kioo. Cha kwanza akakiacha na hewa ya chumbani. Cha pili akakijaza hewa iliyopitishwa katika pamba iliyoshindiliwa, hata vumbi lote likanaswa. Kisha akatia mvuke wa maji yachemkayo katika vyote viwili. Cha kwanza kikajaa ukungu mweupe mzito mara ile ile. Cha pili hakikuonyesha kitu. Mvuke ulikuwamo, lakini hewa ilibaki nyangavu kana kwamba haukuingia. Mfaransa mmoja, Coulier, alikwisha kutangaza jambo kama hilo mwaka 1875. Aitken aliwaeleza wenye elimu wa Edinburgh habari zake mwishoni mwa mwaka 1880.

Sababu yake ni hii. Hewa ikipoa, mvuke hutaka kurudi kuwa maji. Lakini tone likianza likiwa dogo kupita kiasi, hukauka tena papo hapo. Chembe ya vumbi hulipa tone mahali pa kushika, likaanza na ukubwa wa kutosha. Mskoti mwingine, C. T. R. Wilson, alipima jambo hili huko Cambridge tangu mwaka 1895. Aliona kwamba katika hewa iliyosafishwa kabisa matone hayafanyiki mpaka mvuke uzidi kama mara nne ya kiasi ambacho hewa yaweza kuchukua. Mawinguni hauzidi hivyo kamwe. Huzidi kwa sehemu moja hivi katika mia, na mara nyingi pungufu.

Basi, chembe hizo ni ngapi? Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, kwa kuwa nyingi ni ndogo hata kioo cha kukuzia hakizionyeshi. Aitken akapata shauri zuri sana: asihesabu vumbi, bali ahesabu matone, kila chembe ikiisha kuvikwa maji. Alitengeneza kisanduku chenye karatasi zilizoloweshwa, akatia humo hewa kidogo ya kupimwa pamoja na hewa nyingi iliyosafishwa kwa pamba, maana chembe zikisongamana hazihesabiki. Kisha huvuta bomba kwa ghafula. Hewa ikitanuka hupoa, kama mnavyojua ninyi mliopata kuweka kidole penye hewa itokayo katika mpira wa baiskeli. Hapo mvua ndogo hunyesha ndani ya kisanduku, juu ya kibao cha fedha kilichochorwa miraba ya milimeta moja moja. Kibao kipo sentimeta moja chini ya kifuniko. Kwa hiyo matone ya miraba mia ni chembe za sentimeta moja ya ujazo, yaani hewa iwezayo kuenea katika kidude kama dadu la kuchezea. Mwisho huzidisha kwa kadiri alivyoichanganya hewa.

Nje, mvua ikinyesha, alipata chembe 32,000 katika kipimo hicho. Siku ya hali njema, 130,000. Chumbani zilikuwa 1,860,000, na karibu na dari zaidi ya milioni 5.

Lakini si kila chembe yafaa kwa wingu. Zifaazo hasa ni zile zipendazo maji, kama chumvi irushwayo na mapovu ya mawimbi, na chembe nyingi zitokazo katika moshi. Hapa pana jambo kubwa. Pishi moja ya mchele ikigawanywa kwa wageni kumi, kila mmoja hushiba. Ikigawanywa kwa wageni mia, kila mmoja hupata tonge tu. Vivyo hivyo moshi ukizidisha chembe, maji yale yale hugawanyika katika matone mengi madogo. Tone moja la mvua hutaka matone ya wingu kama milioni moja yaungane, na yaliyo madogo mno hayaungani upesi. Tena wingu la namna hiyo huwa jeupe zaidi, likarudisha mwanga mwingi wa jua. Picha za setilaiti huonyesha jambo hili waziwazi: meli zipitapo chini ya mawingu ya baharini, moshi wao huchora humo mistari myeupe mirefu.

Sidai kwamba moshi huzuia mvua kila mahali. Mawingu hayafanani, na wataalamu wangali wakibishana. Hata katika hesabu za joto la dunia, sehemu hii ya chembe na mawingu ni miongoni mwa zile zenye shaka kubwa kuliko zote. Kwa hiyo kazi ya kuhesabu inaendelea. Mashine za sasa nyingi hutumia mvuke wa spiriti badala ya maji, na mahali pa jicho la Aitken umewekwa mwali wa taa. Kila tone lipitapo humetameta mara moja, na mashine huandika moja.