Kabla Hujaunganisha Till na Programu ya Biashara: Andaa Kompyuta ya Java Hivi

Duka likiwa dogo, kunakili malipo ya simu kwenye daftari si kazi. Likikua, mtu anakaa hadi saa tatu usiku akilinganisha meseji za malipo na mauzo ya siku, na bado hesabu inakataa. Hapo ndipo wenye biashara wengi huanza kutafuta kijana wa kompyuta wa kuwaunganishia Till au Paybill na programu ya biashara moja kwa moja.

Kipande kidogo cha programu kinachofanya kazi hiyo huitwa programu-jalizi, au plagini. Hakibadilishi programu yako kubwa, kinachomekwa tu juu yake. Kazi yake ni kupokea taarifa ya malipo, kutafuta ankara inayohusika na kuiandika kuwa imelipwa.

Makala hii ni ya yule atakayeiandika, na pia ya mwenye duka atakayemlipa. Tutatumia mfano wa Apache OFBiz, programu ya bure ya kuendesha biashara iliyoandikwa kwa Java, na M-PESA kupitia Daraja, lango la Safaricom la waandishi wa programu.

Usijaribie kwenye duka

Programu-jalizi ni kama mhudumu mpya wa kaunta, anayeamua nani amelipa na nani bado. Huwezi kumweka mhudumu ambaye hajafunzwa mbele ya wateja siku ya mwisho wa mwezi. Kwa hivyo unahitaji kompyuta ya majaribio yenye bidhaa za uongo, wateja wa uongo na pesa za uongo. Ikiharibika, hakuna aliyepoteza hata shilingi.

Hatua ya 1: Weka JDK, toleo sahihi

Kuendesha programu ya Java ni jambo moja, kuiandika ni jingine. Kwa kuandika unahitaji JDK, kifurushi kamili chenye kikusanyaji kiitwacho javac. Eclipse Temurin ni ya bure na inatosha.

Angalia toleo kabla ya kupakua. OFBiz 24.09 inataka JDK 17, ilhali 18.12 ilitengenezewa Java 8. Ukichanganya, utapata makosa mekundu skrini nzima na utadhani shida ni msimbo wako. Ukimaliza, fungua terminali uandike:

java -version
javac -version

Zote mbili zionyeshe 17. Kama ya pili haijulikani au inaonyesha namba nyingine, rekebisha JAVA_HOME ielekee kwenye folda ya JDK uliyoweka, na PATH kwenye folda yake ya bin.

Hatua ya 2: Leta programu ya biashara kwenye laptopu

Pakua OFBiz kutoka tovuti ya Apache, ifungue, kisha uingie kwenye folda yake. Kwanza endesha hati ya kuandaa Gradle iliyo kwenye folda ya gradle (init-gradle-wrapper). Halafu:

./gradlew cleanAll loadAll
./gradlew ofbiz

Kwenye Windows anza na gradlew bila ile nukta na mkwaju. Mara ya kwanza Gradle hupakua maktaba nyingi, kwa hivyo tafuta WiFi, usimalize bando la siku. Huhitaji kuweka hifadhidata kando kwa majaribio kwa sababu Derby imo ndani tayari.

Ikishaamka, fungua https://localhost:8443/webtools kwenye kivinjari. Kivinjari kitakuonya kuhusu cheti. Kwenye laptopu yako mwenyewe hilo ni kawaida. Jina la kuingilia ni admin, nenosiri ni ofbiz. Nenosiri hilo linajulikana dunia nzima, kwa hivyo libadilishe mara tu unapoingia.

Hatua ya 3: Tengeneza programu-jalizi tupu

./gradlew createPlugin -PpluginId=malipo

Utapata folda plugins/malipo ikiwa na mifupa yote. Maelezo ya majedwali yanakaa entitydef, maelezo ya huduma servicedef, na msimbo wako wa Java ndani ya src. Ifungue kwa IntelliJ IDEA au Eclipse, yoyote uliyoizoea. Ukibadilisha msimbo wa Java, zima OFBiz uiwashe upya, la sivyo utakuwa ukijaribu msimbo wa jana.

Anza na jedwali la malipo, na ufunguo wake mkuu uwe namba ya risiti ya M-PESA. Taarifa ya malipo yaleyale inaweza kufika mara mbili. Namba ya risiti ikiwa ndiyo ufunguo, hifadhidata yenyewe itaikataa ya pili. Bila hilo, mteja aliyelipa 2,500 ataonekana amelipa 5,000.

Hatua ya 4: Funguo za majaribio, nje ya msimbo

Jisajili Daraja, tengeneza programu ya majaribio, nawe utapewa Consumer Key na Consumer Secret. Kwa hizo unaomba tokeni inayodumu saa moja, kisha tokeni ndiyo inayofungua milango mingine, ukiwemo ule wa kutuma ombi la kulipa kwenye simu ya mteja.

Usiandike funguo hizi ndani ya faili ya Java. Ziweke kwenye mazingira ya kompyuta na uzisome kwa System.getenv. Ukizipandisha GitHub kwa bahati mbaya, kufuta faili hakutoshi kwa sababu historia inabaki. Ingia Daraja utengeneze funguo mpya siku hiyohiyo.

Mwenye duka, hapa pia panakuhusu. Fundi hahitaji PIN yako hata kidogo. Akiomba PIN ili aunganishe mfumo, simamisha kazi.

Hatua ya 5: Fungua mlango wa majibu, kwa uangalifu

Baada ya mteja kuweka PIN au kukataa, Daraja hutuma jibu kwenye anwani uliyoitaja. Anwani ya localhost haionekani nje ya laptopu yako, kwa hivyo wakati wa majaribio watu hutumia njia ya kupitishia kama ngrok, inayokupa anwani ya muda ya https. OFBiz hukataa majina ya seva isiyoyajua. Ongeza jina hilo kwenye host-headers-allowed ndani ya security.properties.

Kumbuka, njia hiyo inaufungulia ulimwengu laptopu yako. Kama bado nenosiri ni ofbiz, yeyote anaweza kuingia. Ifungue ukijaribu, ifunge ukimaliza.

Mfunze asidanganywe

Kila mfanyabiashara anaijua meseji feki: mteja anaonyesha simu, ujumbe unafanana kabisa na wa kweli, mzigo unatoka, pesa hazikuingia. Programu-jalizi inaweza kudanganywa vilevile. Anayejua anwani yako ya majibu anaweza kutuma jibu la kughushi linalosema amelipa.

Dawa ni ileile ya kaunta: usiamini ujumbe, thibitisha. Ukituma ombi la malipo, hifadhi CheckoutRequestID unayorudishiwa. Jibu likija na namba usiyoijua, litupe. Kama namba iko, linganisha kiasi na ankara, kisha uulize mfumo wenyewe hali ya muamala huo kabla ya kuandika kwamba umelipwa.

Kabla ya kuhamia kwenye pesa halisi, pitisha majaribio haya kwenye laptopu:

- Mteja amelipa (ResultCode 0): ankara ifungwe mara moja.
- Mteja ameghairi (ResultCode 1032): ankara ibaki wazi.
- Jibu lilelile limefika mara mbili: salio lisibadilike.
- Kiasi ni pungufu: ankara isifungwe, mhudumu aonywe.
- Jibu halikuja kabisa: programu iulize hali yenyewe, isikisie.
- Jibu lenye namba ya kubuni: likataliwe na kuandikwa kwenye kumbukumbu.

Mwenye duka, huhitaji kuelewa Java ili ukague kazi hii. Mwambie fundi akae nawe nusu saa, apitie orodha hiyo huku ukiangalia skrini. Akikwama kwenye moja, mfumo bado hauko tayari, hata kama unapendeza vipi.

Siku ya kuhamia, badilisha funguo za majaribio kwa za kweli kwenye seva ya duka, si kwenye laptopu ya fundi. Halafu nunua kitu cha shilingi 10 kwenye duka lako mwenyewe, na kwa wiki ya kwanza endelea kulinganisha taarifa ya Till na mauzo kila jioni. Hesabu zikikubaliana siku zote hizo, daftari linaweza kupumzika.