Kompyuta ya mzamiaji haipokezanwi kama zamu ya lindo

Mtu apitaye katika maduka ya Malakia mjini Juba, jirani na soko la Konyokonyo, ataona saa za kila namna zimepangwa chini ya kioo, na baadhi yake zimeandikwa mgongoni kwamba zastahimili maji ya meta 50. Askari atakayeshuka mtoni kesho huitazama nambari ile kwa tamaa. Bei yake si kubwa, na muuzaji huapa kwa Kiarabu cha Juba, kisha kwa Kiswahili, kwamba haitaingia maji. Huenda kweli isiingie maji. Lakini saa ile yajua jambo moja tu, nalo ni wakati, na wakati peke yake haumtoshi mzamiaji.

Malakia na askari ni jamaa wa siku nyingi. Jina lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la mitaa iliyoota kando ya kambi za jeshi katika Sudan ya zamani, walimokaa askari waliomaliza utumishi pamoja na wafanyabiashara na jamaa zao. Si vibaya basi tukianzia hapo kuzungumza habari ya kifaa cha askari wa maji, yaani kompyuta ya kuzamia, ile ivaliwayo mkononi mithili ya saa.

Hewa tuvutayo ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, nayo haitudhuru tukiwa juu ya nchi kavu. Mzamiaji akishuka meta 10, shinikizo limkabalo huwa takriban maradufu ya lile la juu, na naitrojeni hupenya katika damu, mafuta na maungo yake. Kadiri azamavyo zaidi na kukawia zaidi, ndivyo deni hilo likuavyo. Akipanda polepole, deni hulipwa kwa njia ya pumzi. Akipanda kwa pupa, naitrojeni hugeuka viputo mwilini, mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Viputo hivyo huleta maumivu ya viungo na ganzi, na vikishika uti wa mgongo vyaweza kumfanya kijana mwenye nguvu zake kuwa kiwete. Wako wavuvi wa majongoo bahari katika Pwani ya Afrika Mashariki waliolemazwa hivyo, na wengine waliokufa.

Mwaka 1908 mwanasayansi J. S. Haldane na wenzake, waliokuwa wakilifanyia utafiti Jeshi la Majini la Uingereza, walitoa majedwali ya kumwongoza mzamiaji apandapo, baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi. Majedwali ya namna hiyo humhesabia mzamiaji kana kwamba muda wote alikuwa katika kina kikubwa kuliko vyote alivyofika. Kompyuta hufanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi: kila baada ya sekunde chache hupima shinikizo, hutazama muda, kisha huhesabu naitrojeni iliyomo katika tishu za namna mbalimbali, na kumwambia mwenyewe dakika alizobakiwa nazo, mwendo wa kupanda, na mahali pa kusimama akiwa njiani.

Hapo ndipo penye jambo ambalo bohari ya vifaa huweza kulisahau kwa urahisi. Bunduki ya lindo hupokezanwa: mmoja atoka zamu, mwingine aishika, na bunduki haibadiliki. Kompyuta ya kuzamia haiko hivyo, kwa kuwa hubeba deni la aliyeivaa. Koplo wa asubuhi akizama nayo dakika 40, kisha akamkabidhi mwenzake, huyu wa pili atasomewa deni lisilo lake, na kazi yake itakatizwa bure. Hilo ni dogo. Baya ni pale koplo yuleyule arudipo majini alasiri na kompyuta nyingine iliyoshinda ndani ya sanduku. Kifaa kitamwambia kwamba yu safi kama aliyetoka kuamka, hali damu yake ingali na mabaki ya asubuhi. Kifaa hakikusema uongo. Kilimpima mtu mwingine. Kwa hiyo mkuu wa kikosi mwenye fedha za kompyuta mbili na wazamiaji sita hana budi kuamua kwamba ni wazamiaji wawili tu watakaoshuka kwa kuzitegemea siku hiyo, na waliobaki wafuate majedwali.

Uzito wa jambo hili ulionekana Likoni, Mombasa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye kivuko na kuzama likiwa na mama na binti yake. Wanamaji wa Kenya, wakisaidiwa na wazamiaji wengine, walilitafuta hadi lilipoopolewa tarehe 11 Oktoba, na kwa taarifa ya serikali lilikuwa katika kina cha meta 58. Wananchi walinung'unika kwamba kazi inakawia. Lakini katika kina hicho, kwa mzamiaji avutaye hewa ya kawaida, majedwali ya Jeshi la Majini la Marekani huruhusu dakika 5 tu, tena kushuka kumo ndani ya hesabu hiyo, ikiwa atapanda pasipo vituo vya kusimama. Anayezidisha hapo hulipia kila dakika kwa kungoja njiani.

Likoni ni usawa wa bahari. Sisi wa bara tuna jambo la ziada. Mto Nile upitapo Juba uko zaidi ya meta 450 juu ya bahari, na miongozo ya uzamiaji huagiza hesabu irekebishwe kuanzia meta 300. Ziwa Victoria, ambamo wazamiaji walimtoa mtu akiwa hai ndani ya kivuko cha MV Nyerere siku mbili baada ya kupinduka mwezi Septemba 2018, liko meta 1,134. Kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, meta 20 za ziwa hilo humlemea mzamiaji kihesabu kama zaidi ya meta 22 za bahari. Hivyo basi, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: je, kompyuta hii yatambua mwinuko wenyewe, au ni mimi niiambie? Zipo za aina zote mbili. Daktari Albert Bühlmann wa Zurich, aliyeshughulikia sana uzamiaji katika maziwa ya milimani, aliacha hesabu yenye makundi 16 ya tishu, na kompyuta nyingi za leo zimejengwa juu yake.

Swali la pili ni la giza. Maji ya Nile pale Juba ni ya tope na yaenda kwa nguvu. Kioo chenye rangi na michoro mingi hakina maana mahali ambapo mtu haoni kiganja chake. Zitafutwe tarakimu kubwa, taa ya ndani, na kengele au mtetemo. Vitufe viweze kubonyezwa kwa glavu. Betri iwe ya kubadilishwa na mwenyewe, pamoja na mpira wake wa kuzuia maji, kwani umeme wa kuchajia si wa kutegemewa kila kituo. Kompyuta isomayo mtungi wa hewa bila waya ni nzuri, lakini geji ya kawaida isiachwe nyumbani.

Nikiri pia kwamba katika maji mafupi na yaendayo kasi, kamba ya usalama na mwenzako aishikaye ukingoni hutangulia kompyuta yoyote. Asiye na fedha za vyote viwili na anunue kamba.

Limebaki suala la safari. Kikosi kikiisha kazi Juba, mara nyingi ndege inangoja. Miongozo hutaka saa 12 zipite baada ya mzamo mmoja usio na vituo, saa 18 baada ya mizamo ya kurudiarudia, na zaidi ya hapo ikiwa mzamiaji alilazimika kusimama njiani, kwa maana ndani ya ndege shinikizo hushuka tena na viputo huweza kuumbika angani. Kompyuta nyingi huonyesha alama ya ndege hadi muda huo uishe. Mwandika orodha ya abiria na aitazame alama hiyo mkononi mwa kila mzamiaji kabla hajaandika jina lake.