Mpangilio, Kiolezo na Mchoro: Maneno Matatu ya Ubao wa Vidhibiti

Maneno mpangilio, kiolezo na mchoro hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja. Katika mazungumzo ya kawaida mkanganyiko huo hauna madhara makubwa. Katika maelekezo ya ufundi huharibu mbao. Mfano mzuri ni ubao wa vidhibiti vya mashine ya gemu, yaani ule uso wenye vitufe na joistiki. Mashine hiyo isichanganywe na dubwi, ambalo ni la kamari.

Chukuliwe mfano wa fundi wa Mwakitolyo, katika machimbo ya dhahabu mkoani Shinyanga. Anakusudia kuunda ubao wa wachezaji wawili kwa plaiwudi yenye urefu wa sentimita 60, na kuupamba kwa picha ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu.

Mpangilio (ngeli ya U-I, wingi: mipangilio) hutokana na kitenzi pangilia. Ni uamuzi wa kitu gani kikae wapi na kwa umbali gani. Fundi hulaza mikono juu ya karatasi, hutia alama pale vidole vinapoangukia bila kujikunja, kisha huhakikisha kwamba viwiko vya wachezaji wawili havitagongana. Katika hatua hii kufuta na kuanza upya hakugharimu chochote.

Kiolezo (ngeli ya KI-VI; wingi: violezo) hutokana na oleza, yaani kufanya kitu kifanane na kingine. Ni mpangilio uliohamishiwa kwenye karatasi kwa ukubwa halisi ili keekee iufuate. Vitufe vingi vya mashine hizi huhitaji tundu la milimita 30 au 24, na kitovu cha kila tundu hutiwa alama ya msalaba. Karatasi ya A3 ina urefu wa milimita 420 tu. Hivyo kiolezo cha ubao huu huchapwa vipande viwili vikaunganishwa. Printa ya steshenari huweza kupunguza ukubwa ili kazi ienee ukurasani. Kwa sababu hiyo huongezwa mstari wa milimita 100, ukapimwa kwa rula baada ya kuchapwa. Usipotimia, kiolezo hakifai.

Kielelezo si kiolezo. Kielelezo, jamaa ya eleza, hufafanua jambo ili lieleweke, hata kikiwa kidogo kuliko kitu chenyewe.

Mchoro (ngeli ya U-I, wingi: michoro) hutokana na chora. Hapa ndiyo picha ya pambo, nayo huandaliwa mwisho, juu ya nakala ya kiolezo, ili karasha lisitobolewe katikati. Rangi hupitishwa nje ya ukingo kwa milimita chache, mkato ukiyumba pasionekane ukanda mweupe. Kisha mchoro hufunikwa kwa plastiki angavu, jasho na vumbi visiufute.

Linganisha:

Sahihi: Toboa ubao kwa kufuata kiolezo, kisha bandika mchoro.

Isiyofaa: Toboa ubao kwa kufuata mchoro.

Sentensi ya pili haina kosa la sarufi. Hata hivyo, inampeleka fundi kwenye picha ambayo vipimo vyake havina dhamana, na mtafsiri aliyeiandika hatakuwapo karakana wakati keekee inapozama mahali pasipo pake.