Madoa Meusi ya Heringi

Heringi mchanga wa pwani ya Maine, Marekani, huweza kuvuliwa akiwa ametapakaa madoa meusi, kama aliyenyunyiziwa pilipili manga. Ndani ya kila doa amejikunja mnyoo bapa mchanga, Cryptocotyle lingua. Weusi wenyewe si wake. Ni melanini, rangi ambayo mwili wa samaki huirundika kumzunguka mvamizi.

Chanzo ni kinyesi cha shakwe. Mayai ya mnyoo hudondoka mwambani, yakaliwa na konokono mdogo wa pwani, Littorina littorea. Humo huanguliwa lava, yaani minyoo wachanga, ambao huzaliana huku wakila viungo vya uzazi vya mwenyeji wao: konokono anakuwa tasa, lakini hafi. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaujua mwanzo wa namna hii, kwani minyoo wa kichocho nao hukulia ndani ya konokono. Mwaka 1940 Miriam Rothschild wa Uingereza na mwenzake walitoa taarifa ya konokono waliyemtenga peke yake kwa miaka 5. Hakuambukizwa upya, ila kila siku aliendelea kumwaga majini mamia ya lava.

Lava hao wana mkia na vidoa viwili vya macho, na huogelea kuelekea kwenye mwanga. Wakimgusa samaki huacha mkia nje, hutoboa ngozi na kujijengea kifuko. Katika miaka ya 1950 Carl Sindermann aliwaweka heringi wachanga kwenye maji yenye lava wengi, na waliolemewa walikufa. Majaribio yake mengine yalionyesha madhara ya kutisha zaidi: minyoo waliingia machoni, samaki wakapofuka.

Na heringi huishi kwa macho. Asiyeona hawezi kwenda sambamba na kundi wala kumkwepa shakwe, na utumbo wa shakwe ndiko mnyoo anakokomalia.

Konokono anayewalea lava hao asili yake ni Ulaya. Kufikia mwaka 1840 alikwisha kuonekana Nova Scotia, Kanada, kisha akasambaa kusini, na leo amejaa kwenye miamba ya Maine. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini samaki wa ghuba fulani wana madoa mengi kuliko wa ghuba jirani aanze kwa kuinama mwambani, ahesabu konokono, halafu atazame ni shakwe wangapi wanaofuata mabaki ya samaki bandarini.